Gobore la Mjomba Gervas na Bunduki za Makauboi

Mlio ulikuwa wa chuma, lakini bunduki ikadunda.

Nilikuwa napita sebuleni na ungo wa mchele, Jumapili iliyopita, hapa nyumbani kwangu Morogoro Mjini. Mwanangu Deo amejilaza kwenye kochi, anaangalia picha ya kauboi kwenye simu. Jambazi akapigwa risasi akiwa juu ya farasi, bunduki ikamponyoka, ikaanguka mwambani, ngwaa! Mlio safi kabisa. Ila mimi niliona kilichotokea: bunduki ilipogusa jiwe ilinyanyuka kidogo, ikatikisika, ndipo ikatulia. Chuma hakidundi, jamani. Kinachodunda ni mpira.

"Ya mpira hiyo!" nikapiga kelele, nusura nimwage mchele.

"Mama Deo," mume wangu akasema bila hata kugeuka, "hivi utaacha lini watu waangalie picha kwa amani?"

Sitaacha. Na nyie mnaonisoma nawaambia mapema, tusije tukalaumiana mbele ya safari: kama mmekuja kutafuta utoto wa kunywa uji na kuimba mbalamwezini, huo muutafute kwa wengine. Mimi nina hasira. Hasira yenyewe imemzidi mwanangu umri, na niliitoa Mgeta, nyumbani kwa Mjomba Gervas.

Mjomba Gervas alikuwa kaka wa mama yangu, na mimi na mama tuliishi kwake. Sisi Waluguru mnatujua, mtoto ni wa ukoo wa mama. Baba ana heshima yake, hakuna anayemnyang'anya, lakini ardhi na mambo mazito ya ukoo hutoka kwa mjomba yakaenda kwa mpwa. Mjomba alikuwa na dada mmoja tu, ambaye ni mama yangu, na mama alinizaa mimi peke yangu. Kwa hiyo tangu nikiwa mdogo watu walinitania njiani: "Skola, mrithi wa gobore! Utaliweza kulibeba?" Nami nilijibu kwamba nitaliweza, tena kwa mkono mmoja.

Gobore lilikuwa la zamani, la kushindilia. Unamimina baruti kwenye mdomo wa mtutu, unatia goroli, unashindilia kwa ufito, unaweka fataki chini ya nyundo, ndipo unapiga. Ukishapiga mara moja, kaa kitako uanze upya. Mjomba alilipata kwa mjomba wake, naye kwa mjomba wake. Mbao ya kitako iliwahi kupasuka ikafungwa kwa waya wa shaba, na waya ule ulikuwa umesuguliwa na mikono ya watu mpaka ukawa laini kama pete ya ndoa ya kikongwe. Na lilinuka! Ulisugue usugulavyo, lilinuka moshi na yai viza, harufu ya baruti iliyokwishaingia ndani ya chuma na kukataa kutoka. Lilikaa jikoni, juu darini, nyuma ya mahindi ya mbegu. Mjomba aliniambia kule moshi unalikinga na kutu, nami sikuwa na sababu ya kubisha.

Kazi yake ilikuwa nguruwe pori. Shamba letu lilikuwa juu kabisa, limepakana na msitu, nasi tulilima viazi, njegere na kabichi za kupakia malori ya Dar. Nguruwe wakiingia kwenye viazi hawaibi kistaarabu. Wanafukua tuta zima, wanakula kidogo, kinachobaki wanakikanyaga. Mjomba alipiga gobore alfajiri mara chache tu katika msimu, hewani, mlio ukagonga mlima wa pili ukarudi, na nguruwe wakashika adabu kwa muda mrefu. Sikumbuki kuona nguruwe aliyekufa. Ule mlio ndio uliotulisha.

Sasa, Jumapili baada ya misa, Mjomba alinishika mkono tukateremka hadi sokoni Nyandira, kwenye banda la video. Madirisha yalizibwa kwa magunia, jenereta linanguruma nyuma, ndani jasho na karanga. Mama alichukia. "Mtu mzima na ndevu zake anakwenda kubanana na watoto gizani," alisema. Mjomba alijibu kwamba anakwenda kukagua silaha.

Na kweli alikagua. Banda zima lilimwangalia steringi, shujaa wa picha, sisi wawili tuliangalia bunduki. Kwanza mkono. "Chuma kina uzito," aliniambia. "Mtu akichomoa bunduki ya kweli, kiganja kinashuka kwanza ndipo kinapanda. Huyu anairusha kama mwiko, basi ni ya mbao." Kisha moshi. Baruti ya zamani hutoa moshi mweupe mzito, unaweza kupotelea ndani yake. Kauboi akipiga na uso wake ukaonekana vizuri palepale, kuna udanganyifu. Kisha umri wa bunduki, na hapo ndipo Mjomba alipopandwa na hasira. Mfasiri wa banda, kijana aliyeshika maiki na kutueleza Kiingereza asichokijua, alitangaza kwamba haya ni mambo ya vita vya zamani kabisa, watu bado wanashindilia. Halafu anatokea steringi na bunduki ya kukoki kwa chini, mkanda wa risasi za shaba kiunoni! Mjomba akasimama.

"Wanatufanya wajinga! Bunduki ya kushindilia ni bibi, ya kukoki ni mjukuu. Tangu lini mjukuu akacheza ngoma kwenye harusi ya bibi yake?"

"Kaa chini, mzee, steringi anakufa!"

"Steringi hafi," alisema Mjomba, akakaa.

Mwisho alinifundisha makovu. Bunduki ina makovu kama goti la mtoto, na wenye picha huazimana bunduki kama sisi tunavyoazimana sufuria za harusi. Jumapili moja niliona bunduki ya jambazi imemeguka pembeni mwa kitako, pengo la umbo la sikio. Majuma mengi baadaye, katika mkanda mwingine kabisa wa video, pengo lile lile likatokea mikononi mwa sherifu. Nilipiga ukelele, watu wakanizomea. Mjomba hakunizomea. Alirudisha mgongo ukutani, akanigeukia. "Una jicho," akasema. Mpaka leo sijapata sifa iliyonikaa rohoni kama ile, na nimewahi kusifiwa na watu wenye suti.

Ndipo alipokuja Dairekta.

Jina lake halisi sitalitaja, hakustahili kukumbukwa kwa jina. Alitoka Dar na vijana wake na kamera, miwani meusi hata mvua ikinyesha. Alikuja kupiga picha ya kauboi, ya kwetu wenyewe, maana alisema miamba ya Mgeta ni Amerika tupu. Farasi hakuwa nao, alikodi punda wawili, na kauboi mrefu kuliko wote akipanda, miguu yake ilikuwa inagusa chini. Kijiji kizima kilihamia mwambani. Mimi na Mjomba tulikwenda moja kwa moja kwenye sanduku la silaha. Loh! Bastola za watoto za plastiki zimepakwa rangi nyeusi. Bunduki za mbao, mitutu ya bomba la maji, hata nyundo zake zimechorwa tu kwa makaa. Mjomba aliokota moja, akaipima mkononi, akairudisha taratibu, kwa huruma.

Siku ya pili alfajiri Mjomba alipiga gobore kama kawaida yake. Jua halijapanda vizuri, Dairekta huyo, yuko uani kwetu.

"Shikamoo mzee. Ule mlio ulikuwa wa nini?"

Mjomba alikuwa mtu wa fahari, na fahari yake yote ilikuwa darini jikoni. Alilishusha. Dairekta alivua miwani, mara ya kwanza tangu aje. Akalipokea, mkono wake ukashuka kwa uzito, akacheka peke yake. Akapitisha kidole kwenye waya wa shaba.

"Mzee, una kibali chake?" akauliza.

"Kibali alichonipa mjomba wangu," Mjomba akajibu, na wote wakacheka. Hata mimi nilicheka. Mama hakucheka, aliingia ndani.

Naomba mlishike swali lile.

Akaazima. Alisema anataka gobore lionekane karibu, mikononi mwa steringi, kisha atalirudisha siku ya kuondoka. Mjomba akamweleza desturi ya kwetu, tena kwa kirefu, kama mtu anayemfundisha mgeni nyumba. Kitu cha ukoo kikitoka, kinafungwa kwenye kaniki. Kikirudi, kinarudi ndani ya kaniki, kinapokelewa kwa mikono miwili, na hakifunguliwi mbele ya aliyekileta. Kukifungua mbele yake ni sawa na kumpekua mifuko. Dairekta alisikiliza kwa makini sana. Alirudia hata maneno: "Hakifunguliwi mbele ya aliyekileta." Alisema ni desturi nzuri, watu wa mjini tumepoteza mambo kama haya.

Mshenzi yule! Mungu anisamehe, lakini neno zuri zaidi sina.

Siku ya kuondoka gari lilisimama njiani chini, injini inaunguruma, vijana wamekwishapanda. Dairekta alikuja na kaniki mikononi. Mjomba akapokea kwa mikono miwili, akainamisha kichwa. Nami nilikuwa nimesimama kwenye kiwiko chake. Sikuona kitu, maana kaniki ilifungwa vizuri. Nilinusa. Gobore letu lilinuka yai viza hata ungelifunga kwa mablanketi. Hili lilinuka fanicha mpya.

"Mjomba, siyo lenyewe! Linanuka vanishi!"

Mama alinifinya paja mpaka nikaruka. "Shika adabu, Skola! Mgeni hakaguliwi!"

Dairekta akacheka. "Huyu binti ana mdomo. Atafaa kuigiza huyu." Akaagana na watu mmoja mmoja, hana haraka hata kidogo, akateremka. Gari likaondoka na mimi bado nalia.

Jioni Mjomba alifungua kaniki. Majirani walikuwepo, waliokuja kusikia habari za sinema. Waya ulikuwa umezungushwa mahali pake, lakini ni waya wa umeme uliopakwa rangi. Mtutu ni bomba. Kazi nzuri, siwezi kusema uongo, seremala aliyelichonga alilitazama letu akiwa amelishika mkononi. Mjomba akalinyanyua. Na mimi, mwanafunzi wake, niliangalia mkono, kama alivyonifundisha. Mkono wake ulijiandaa kwa uzito wa miaka yote ile, uzito haukuwepo, na lile gobore likapaa juu karibu limguse kidevu.

"Ni lile lile," akasema.

"Mjomba!"

"Ni lile lile, Skola. Nyamaza."

Hakuwahi kuniambia nyamaza. Bandani watu wote walininyamazisha, yeye kamwe. Mtu aliyenipa jicho, leo mbele ya majirani ananiambia jicho langu linasema uongo, na mkono wake mwenyewe nimeuona! Nilikwenda kulala bila kula, na hakuna aliyekuja kuniita.

Yaliyofuata yaliniudhi zaidi. La kweli lilikuwa linafichwa darini nyuma ya mahindi, sivyo? Hili la mbao alilitundika sebuleni, mkabala na mlango, kila anayeingia alione. Afisa mtendaji alipokuja na mgambo wake kuulizia habari za bunduki iliyosikika mlimani, Mjomba aliwaonyesha ukutani. Mgambo akalishusha, akaligonga kwa kucha, wakacheka mpaka wakashika mbavu. "Mzee, hili la sinema!" Mjomba akacheka nao. Nilimchukia mgambo, nikauchukia ule ukuta.

Nguruwe wakagundua mlima umenyamaza. Wakaja, wakarudi, wakaleta na watoto. Mjomba aligonga debe mpaka viganja vikachubuka, nguruwe wakalizoea debe kama sisi tulivyozoea kengele ya kanisa. Msimu ule tulikula viazi vya kununua, sisi wakulima wa viazi. Na Jumapili baada ya misa Mjomba alirudi nyumbani moja kwa moja. Nilimwambia kuna mkanda mpya bandani. Alisema macho yanamuuma.

Sikumuuliza tena. Nilikua, nikaja mjini kusoma, nikaolewa. Kila niliporudi Mgeta nilimpa shikamoo yake na zawadi yake, tukaongea mvua na bei ya kabichi, na ukutani lile pambo likitutazama.

Alipofariki, nilipanda mlima nikiwa na mimba ya Deo. Siku ya kuanua matanga walikuja watani wa ukoo wetu, maana kwetu msiba bila watani hauishi. Mtani ana ruhusa ya kusema asichoweza kusema ndugu, na mkimkasirikia mmejivunjia heshima wenyewe. Kiongozi wao alikuwa Bibi Koleta, kikongwe mwembamba mwenye sauti kama filimbi ya refa. Aliingia ndani, akatoka amevaa koti la marehemu na kofia yake, na lile gobore la mbao begani. Akatembea mwendo wa Mjomba, goti la kushoto likichelewa kidogo, yeye mtupu! Watu wakaanza kucheka na machozi. Akajifanya anamimina baruti. Akashindilia, akashindilia, akajifuta jasho. Akalenga mlimani. "Puu," akasema kwa mdomo, kasauti kadogo kama mtoto anayepuliza uji. Kisha akajipokeza gobore kwa mikono miwili, akalinyanyua kwa nguvu zote, likapaa, nusura limwangushe chali. Akasimama wima, akatutazama, akasema kwa sauti ya Mjomba kabisa:

"Ni lile lile!"

Na uwanja mzima, jamani, wazee kwa watoto, ukaitikia: "Ni lile lileee!"

Walijua. Walijua wote, tangu jioni ile. Nilimgeukia mama, naye alikuwa anacheka huku anajifuta macho kwa khanga.

"Mama, kumbe alijua?"

"Asijue gobore lake? Ulitaka aseme nini, mwanangu? Aende polisi akashtaki kaibiwa? Swali la kwanza, kibali kiko wapi. Angelala ndani yeye, na yule mwizi anakula kuku Dar. Na wewe unapiga kelele mbele ya watu siyo lenyewe, siyo lenyewe! Nani alijua maneno yatafika wapi?"

Basi nikalikumbuka lile swali. Mzee, una kibali chake? Aliuliza kabla ya kuazima! Akiwa amelishika mkononi, anatabasamu, alikuwa anapima kama huyu mzee akiibiwa ataweza kupiga yowe. Akapata jibu lake, tukacheka naye. Kisha akapewa na desturi yetu juu, kama mtu anayekabidhiwa funguo. Na gobore kukaa darini nyuma ya mahindi ya mbegu hakukuwa kwa ajili ya moshi, ila kulificha macho ya watu. Na ukuta ule wa sebuleni nilioudharau miaka yote, ndio uliomweka Mjomba huru: gobore la mbao halihitaji kibali. Alimeza mara mbili, kwanza kuibiwa, kisha kudharauliwa na mtoto mmoja aliyemfundisha yote.

Watu wema huniambia nisamehe. Ng'o. Serikali kutaka kibali ni haki yake, sibishani. Mwizi wa kawaida anavunja mlango, angalau anakupa heshima ya kukuogopa. Yule alitumia adabu yetu wenyewe kutufunga mdomo, akatushukuru, akapungia mkono. Huyo simsamehe, na msinishauri.

Wazee wa ukoo walinikabidhi lile gobore, mrithi ni mrithi. Lilikuwa ndani ya kaniki ile ile. Nililipokea kwa mikono miwili, nikainamisha kichwa, sikulifungua mbele yao. Sasa liko sebuleni kwangu, mkabala na mlango.

Jumapili ile ya mchele, baada ya kelele zangu, Deo alitulia na simu yake, akapekua pekua. Ni kizazi hiki, hawashindwi kutafuta. Jioni akaja kunionyesha: picha mbovu ya zamani, rangi zimechuja, miamba ya Mgeta nyuma, na kauboi mrefu miguu inagusa chini juu ya punda. Nikakaa. Kauboi akashuka, akanyoosha mkono, akapewa bunduki ndefu, kamera ikasogea karibu. Waya wa shaba, laini, unang'aa. Kiganja chake kikashuka kwanza, ndipo kikapanda.

Nikamwambia Deo arudishe nyuma. Akarudisha. Nikamwambia tena.

"Mama, na hii ya mpira?"

"Hapana," nikasema. "Angalia mkono. Hilo ni lile lile."